Mwalimu mpya tunampa jembe siku ya kwanza

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake tunaijua sote. Mgeni mkirimu kwanza, apumzike, ajue maji yanatekwa wapi na duka liko wapi, kisha naye aingie kazini kama wenyeji. Lakini katika shule zetu nyingi za Pwani, hasa zile za ndani ya Kinango, Ganze, Magarini, Tana Delta na visiwa vya Lamu, mwalimu mpya hapewi hizo siku mbili. Anashuka kwenye bodaboda Jumatatu saa tatu asubuhi na barua yake ya TSC mkononi, na saa nne yuko mbele ya Gredi 8 na chaki. Jembe anakabidhiwa kabla hajaweka begi chini.

Baada ya mwaka mmoja na nusu akiomba uhamisho, tunakaa barazani tunasema walimu wa siku hizi hawana wito.

Ndugu msomaji, naomba leo tulitazame jambo hili kwa utulivu. Hoja yangu ni moja. Mwalimu mpya haondoki kwa sababu ya umbali peke yake. Anaondoka kwa sababu miaka yake ya mwanzo, ambayo ndiyo migumu kuliko yote, tunamwacha aibebe peke yake. Sehemu ya dawa iko Nairobi na lazima tuidai. Lakini sehemu nyingine, kubwa kuliko tunavyodhani, iko mikononi mwetu.

Huyu mwalimu mpya ni nani?

Tukumbuke tulikotoka. Sekondari msingi, yaani JSS, ilianza mapema mwaka 2023 na Gredi 7, ikawekwa ndani ya shule za msingi. Shule ambazo hazikuwahi kuwa na mwalimu wa Kemia wala Fizikia zikajikuta zinahitaji walimu wa sayansi kwa mara ya kwanza. Serikali ikaziba pengo hilo kwa kuajiri vijana wengi kwa mpigo, wengi wao wakiwa wanagenzi. Kwa hivyo, ukiingia leo katika JSS ya kijijini, kuna uwezekano mkubwa kwamba karibu kila mwalimu unayemkuta ana miaka michache tu kazini. Anayeweza kumshika mkono mwenzake hayupo, kwa sababu wote wameanza juzi.

Mwanagenzi wa JSS amekuwa akilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na wa shule ya msingi 15,000. Ukitoa makato ya bima ya afya, ada ya nyumba na NSSF, yule wa 20,000 hubaki na kama 18,000. Hana marupurupu ya nyumba. Hana marupurupu ya mazingira magumu, ambayo mwenzake aliyeajiriwa kwa kudumu huyapata akiwa Lamu, Tana River au sehemu zilizotengwa za Kwale na Kilifi. Jua linalowapiga ni moja na nauli wanayolipa ni moja, ila mmoja wao hahesabiwi ugumu huo.

Jambo hili lilifika mahakamani. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba TSC haina idhini ya kuwaajiri walimu waliokwisha kusajiliwa kama wanagenzi. Mwezi uliofuata walimu wa JSS wakagoma, madarasa yakakaa bila walimu kwa wiki kadhaa. Januari 2025 makumi ya maelfu yao wakaingizwa katika ajira ya kudumu, nasi tukashukuru. Lakini mwezi huohuo wengine 20,000 wakachukuliwa kwa mkataba uleule wa uanagenzi. Tumetoa ndoo moja kisimani, tukatumbukiza nyingine.

Miezi mitatu ya kwanza

Hata yule aliyebahatika kuajiriwa kwa kudumu, mshahara wa kwanza mara nyingi haumfikii mwezi wa kwanza. Makaratasi yatoke shuleni, yapitie ofisi ya kaunti ndogo, yafike Nairobi. Inaweza kuchukua miezi miwili au mitatu. Muda huo wote kijana anakula nini? Analala wapi?

Chukua kituo kimoja cha biashara ninachokijua ndani ya Kwale. Chumba kimoja cha mabati ni 2,500 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi miwili mbele. Bodaboda kwenda na kurudi shuleni ni 200 kwa siku, yaani 4,000 kwa mwezi wenye siku 20 za masomo. Ongeza maji ya mitungi wakati wa kiangazi, maana kule maji hununuliwa. Kijana hajalipwa hata senti moja na tayari ana deni dukani, deni kwa mwenye nyumba, na deni kwa kaka yake aliyemtumia nauli ya kuja. Mwalimu wa namna hiyo akiingia darasani, nusu ya akili yake iko kwenye simu, anangoja ujumbe wa benki.

Katika shule moja aliyosoma mwanangu, ambayo sitaitaja, aliletwa kijana wa Hisabati kutoka magharibi mwa nchi. Watoto walimpenda. Alipewa vipindi vya Hisabati Gredi 7, 8 na 9, akaongezewa sayansi na masomo ya kiufundi ambayo hakuyasomea, akafanywa mwalimu wa darasa, mwalimu wa michezo, na mtu wa kuingiza alama kwenye kompyuta kwa sababu "wewe kijana unajua mitambo". Muhula wa tatu alianza kutafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Alipoondoka, darasa lile lilikaa karibu muhula mzima bila mwalimu wa Hisabati.

Shule hiyohiyo ililetwa binti kutoka Mashariki, naye yupo mpaka leo. Mshahara wao ulikuwa mmoja na shule ni moja. Tofauti ni kwamba mama mmoja mtu mzima, mjane mwenye chumba cha uani, alimwambia akae, kodi atalipa akilipwa. Futari ya Ramadhani sahani yake ikawa inahesabiwa, ingawa yeye ni Mkristo. Alipougua malaria kuna mtu aliyejua kwamba anaumwa. Ukimuuliza kwa nini hakuondoka, hakutajii sera yoyote. Anakwambia, "Ningemwachaje Mama?"

Sisemi hisani ya mama mmoja inaweza kuchukua nafasi ya mshahara. La. Ninachosema ni kwamba mtu hung'oka kwa urahisi mahali ambapo hajaota mizizi, na mizizi haioti kwa barua ya TSC.

Ufundi hurithishwa kwa kukaa karibu

Watu wa Pwani tunalijua hili kuliko wengi. Fundi wa jahazi hakabidhiwi jahazi zima siku aliyoshika randa mara ya kwanza. Hukaa karibu na fundi mkuu miaka, akipitisha kalafati, akishika ubao, akikosea na kurekebishwa, mpaka mkono wake unajua wenyewe. Usione vyaelea, vimeundwa. Madrasani nako ni hivyo hivyo. Kijana anayeinukia kuwa ustadhi huanza kwa kuwasikiliza wadogo mbele ya mwalimu wake, huku mwalimu anamsikiliza yeye. Kabla hajaachiwa darasa, ameshaona mara mia namna mtoto mkaidi anavyotulizwa na mzito anavyosubiriwa.

Mwalimu wa shule tunamtarajia ayajue yote siku ya kwanza. Chuo kimempa nadharia na wiki za mazoezi, sawa. Lakini chuo hakikumwambia afanye nini darasa lenye watoto 70 na vitabu 15. Hakikumwambia afanye nini mtoto anaposinzia saa tano kwa sababu hakula jana usiku, au mzazi anapokuja na hasira, au watoto wanapomjibu kwa Kiduruma, Kigiriama, Kipokomo au Kibajuni na yeye haelewi neno. Hayo hufundishwa na mwalimu mwenzake aliyeyapitia, mwalimu mlezi.

Nchi nyingine zimelifanya jambo hili kuwa haki ya kisheria. Kule England, tangu Septemba 2021 mwalimu mpya hulelewa miaka 2. Mwaka wa kwanza vipindi vyake hupunguzwa kwa asilimia 10, wa pili kwa asilimia 5, ili apate muda wa kujifunza, na huwa na mlezi maalumu wa kumwongoza. Wale wana fedha, ni kweli, na hata wao walimu bado huwatoroka. Lakini kupunguza vipindi viwili vitatu kwenye ratiba hakuhitaji fedha za Ulaya. Kunahitaji mwalimu mkuu anayeona kwamba vipindi viwili alivyomsamehe mgeni mwaka huu ni bei nafuu kuliko muhula mzima bila mwalimu mwaka ujao.

Hapa kwetu mwalimu hupimwa kwa TPAD, fomu za kutathmini utendaji kazi zilizoanza kutumika nchini kote mwaka 2016. Kupima si kubaya. Ila kumpima mtu na kumlea mtu ni vitu viwili. Anayekupima unamficha udhaifu wako, anayekulea unamwonyesha. Shule ikiwa na mpimaji na haina mlezi, mwalimu mpya hujifunza kujaza fomu vizuri na kulia chumbani.

Mwenyeji kwanza?

Najua kuna msomaji anayesema: shida yote hii ni kwa sababu tunaletewa watu wa bara, tuajiriwe wenyewe basi. Hoja hii ina uzito na siikwepi. Mwenyeji ana nyumba, ana lugha, ana sababu ya kubaki. Tumeona pia hatari ya kutegemea wageni peke yao. Novemba 2014 basi lilishambuliwa Mandera, watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda makwao likizo. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa, na TSC ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika maeneo mengi ya kaskazini mashariki. Shule zikabaki majengo. Huku kwetu, watoto wa wadi ya Basuba, Lamu, walikaa miaka shule zao zikiwa zimefungwa kwa sababu ya mashambulizi ya msitu wa Boni. Aliyesoma historia hiyo hawezi kupuuza wito wa kuwalea walimu wetu wenyewe.

Lakini tuulizane ukweli. Hao walimu wetu wa Fizikia na Hisabati wako wangapi? Mwalimu wa Fizikia hutokana na mtoto aliyefundishwa Fizikia vizuri. Mtoto huyo hutokana na shule iliyokuwa na mwalimu. Na mwalimu huyo, kwa leo, ni huyohuyo kijana wa bara tunayemwacha aondoke. Anayemfukuza mgeni leo anajinyima mwenyeji wa miaka 10 ijayo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: sisi ndio wagonjwa katika methali hii.

Tuligeuze pia upande wa pili. Mwaka 2018 TSC ilipoanza kuwahamisha walimu mbali na kaunti zao, hata walimu kutoka Pwani walipelekwa wasikokujua, kabla utaratibu huo haujalegezwa baada ya malalamiko mengi. Mpaka leo binti zetu wenye hijabu wanafundisha bara, mahali ambapo nyama ya halali ni safari na msikiti ni mji wa pili. Tunataka wapokewe vipi huko? Tunataka wacheke lafudhi yao na kuwaita majina, au tunataka mama mmoja awaambie chumba kipo? Jibu tunalolitaka kwa binti zetu ndilo tunalodaiwa na kijana aliyetufuata huku.

Na tusisahau kwamba mwalimu mgeni si jambo geni katika Pwani hii. Habib Swaleh hakuzaliwa Lamu. Alitoka Ngazija, akaweka makao Lamu katika karne ya 19, akawafundisha hata wale ambao wakubwa wa mji hawakuwa wakiwahesabu. Kazi yake ndiyo iliyozaa Riyadha, na leo watu huvuka bahari kuja Maulidi ya Lamu. Mwalimu akibaki mahali, mahali hubadilika.

Tunalodai na tunaloweza

Kwa TSC, madai ni matatu na hayahitaji kamati mpya. Mwalimu aliyesajiliwa aajiriwe kama mwalimu, kama mahakama ilivyosema. Mshahara wa kwanza umfikie mwezi wa kwanza, au apewe sehemu yake mapema ya kujikimu. Na marupurupu ya mazingira magumu yafuate mahali anapofanyia kazi mtu, yasifuate aina ya mkataba wake.

Kwa wabunge wetu: fedha za NG-CDF zimejenga madarasa, ahsanteni. Sasa jengeni vyumba vya walimu. Vyumba vinne vya kawaida na tangi la maji kando ya shule ya ndani vitamweka mwalimu muda mrefu kuliko lango la rangi lenye jina la mheshimiwa.

Kwa serikali za kaunti: najua elimu ya msingi ni kazi ya serikali kuu, nyinyi mmepewa chekechea na vyuo vya ufundi. Lakini ufadhili wa masomo mnatoa. Kwale ina mpango wake wa Elimu ni Sasa, na kaunti nyingine zina basari zao. Tengeni nafasi kwa wanaosomea ualimu wa Hisabati na sayansi, iwe ni Shanzu au chuo kikuu, kwa ahadi ya kurudi kufundisha nyumbani miaka kadhaa. Hapo ndipo wimbo wa mwenyeji kwanza utapata maana.

Kwa bodi za shule na sisi wazazi, haya hayangoji bajeti. Kabla mwalimu hajafika, mtu mmoja wa kijiji apewe kazi ya kumpokea na kumtafutia chumba. Wenye nyumba tukubali kungoja mshahara wa kwanza, maana mwalimu hatatoroka na chumba. Mwalimu mkuu amteulie mlezi ndani ya wiki ya kwanza. Kama JSS haina mkongwe, basi mwalimu wa siku nyingi wa shule ya msingi. Huyo hatamfundisha Kemia, atamfundisha watoto. Muhula wa kwanza asibebeshwe michezo, kompyuta na darasa la mtihani kwa pamoja. Imamu na mchungaji wamtambulishe kwa watu, ili anapopita njiani asalimiwe kwa jina. Na mwalimu akiondoka, bodi imuulize kwa heshima ni nini kilichomwondoa, iandike, na isome majibu hayo kabla ya kumpokea mwingine.

Tusiwasahau pia walimu wa bodi. Wengi wao ni vijana wetu wenyewe, wanafundisha kwa posho inayotoka mifukoni mwa wazazi, wakingoja TSC mwaka baada ya mwaka. Nao ni walimu wapya. Nao huchoka. Wengi tunawapoteza kwa bodaboda na kwa safari za Ghuba, na hakuna anayewahesabu, kwa sababu hawakuwahi kuandikwa mahali.

Anayelipa ni mtoto

Mwaka huu wa 2026 watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi 10, baada ya kufanya mtihani wa Gredi 9 mwaka jana. Pale Gredi 10 njia hugawanyika: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Tunaambiwa mtoto huchagua kulingana na kipaji chake. Mtoto wa Nyali au wa Nairobi huenda akachagua. Lakini mtoto wa Samburu ya Kwale au wa Bamba aliyebadilishiwa mwalimu wa Hisabati mara tatu ndani ya miaka miwili hakuchagua kitu. Alichaguliwa na ratiba yenye nafasi tupu. Na miaka 20 baadaye tutasimama kwenye mikutano ya hadhara tukiuliza mbona bandarini, hospitalini na kwenye kampuni za madini wahandisi na madaktari si watoto wetu.

Mkutano wa wazazi wa muhula huu ukifika, usiishie kwenye matokeo na pesa za chakula. Nyoosha mkono uulize swali moja: walimu wapya tulioletewa mwaka huu ni wangapi, wanalala wapi, na nani anawalea? Wakikosa jibu, usikae chini. Jibu litafutwe hapohapo, kabla watu hawajatawanyika.